Spana na Goti: Sayansi ya Safari ya Baiskeli Katika Majira ya Kupukutika Majani

Katika nchi zilizo mbali na ikweta upande wa kaskazini, mwaka hugawanyika katika majira manne. Yale yanayotangulia baridi kali huitwa na vitabu vingine vuli, na vingine huyaita majira ya kupukutika majani. Jina la pili lamfaa zaidi msomaji wa Afrika Mashariki, maana vuli ya huku ni msimu wa mvua, wakati ardhi inapofufuka, hali majira hayo ya kaskazini ni wakati ambao mimea hufunga kazi.

Tangu mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba, miti ya Uingereza hubadilika rangi kabla ya kubaki mitupu. Mti huivunja klorofili ya majani yake na kuirudisha naitrojeni katika matawi na shina ili kuiweka akiba. Klorofili ikiondoka, rangi ya manjano ya karotenoidi, ambayo ilikuwamo siku zote lakini ilifunikwa na kijani, huonekana. Rangi nyekundu ni habari nyingine: hiyo ni anthosianini, nayo hutengenezwa upya katika siku za mwisho za jani. Mwanafunzi wa Tanzania anaijua rangi hiyo bila kusafiri, kwa kuwa ndiyo inayoyapaka wekundu majani machanga ya miombo kabla ya mvua kunyesha. Huku ni rangi ya jani linalozaliwa. Kule ni rangi ya jani linalokufa.

Siku kavu za majira hayo zapendwa sana na wapanda baiskeli. Hewa ni baridi kiasi cha kumfanya mtu afanye kazi bila kuchoka upesi, vumbi limetulia, na watalii wa kiangazi wamekwisha kurudi makwao. Lakini ndiyo majira ambayo safari ndogo yaweza kugeuka kuwa taabu. Mchana hufupika haraka: tarehe 31 Oktoba, katikati ya Uingereza, mchana haufiki saa 10, na kwa saa za huko jua huzama kabla ya saa 11 jioni. Atakayechelewa saa moja kwa ajili ya pancha, au kwa sababu goti limekataa kukunjuka, atajikuta gizani katika baridi akiwa na nguo zilizolowa jasho.

Mtu aliyekaa miezi mingi bila kupanda, kisha akaenda mwendo wa saa tatu au nne mashambani, kwa kawaida hurudi na malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba mwili unauma. La pili ni kwamba baiskeli imeharibika. Lalamiko la kwanza hupelekwa kwa mganga na la pili kwa fundi. Uchunguzi wa karibu, hata hivyo, waonyesha kwamba mara nyingi hayo ni lalamiko moja, na kwamba dawa ya maumivu mengi ya mpanda baiskeli ni spana.

Njia iliyokuwa reli

Mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili ni jimbo la Derbyshire, ambalo sehemu yake imo katika Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1951. Hapo pana njia mbili za baiskeli na za miguu zilizofuata mapito ya reli za zamani. Moja ni Tissington Trail, yenye urefu wa kilometa 21, itokayo mji wa Ashbourne hadi Parsley Hay. Nyingine ni High Peak Trail, yenye kilometa 27 hivi, itokayo karibu na Cromford. Reli hizo zilifungwa katika miaka ya 1950 na 1960, na mwaka 1971 mapito yake yakaanza kutumiwa na umma.

Reli huchagua njia kwa uangalifu kuliko barabara, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo na halipandi mlima mkali. Kwa hiyo aliyerithi njia ya treni amerithi miinuko ya upole. Lakini High Peak Trail ina mahali pachache ambapo sheria hiyo ilivunjwa. Reli yake ilijengwa zamani mno, ikafunguliwa mwaka 1830 na 1831, na wahandisi wa wakati ule walivuka milima kwa kuyavuta mabehewa kwa kamba. Pale Middleton njia hupanda mita 1 kwa kila mita 8, na juu yake lingaliko jengo la injini ya mvuke iliyotengenezwa mwaka 1829 kwa kazi hiyo.

Mwalimu wa fizikia hatapata mteremko bora wa mfano kuliko huo. Ichukuliwe kwamba mpandaji pamoja na baiskeli na mizigo yake ni kilo 90. Uzito wake ni nyutoni 882. Katika mwinuko wa 1 kwa 8, kani inayomrudisha nyuma ni nyutoni 110 hivi. Katika mwinuko wa 1 kwa 60, ambao treni ya kawaida huweza kuupanda pasipo kamba, kani hiyo hushuka hadi nyutoni 15 tu. Akipanda Middleton kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, misuli yake italazimika kutoa wati 220 kwa ajili ya mlima peke yake, mbali na upepo na msuguano wa matairi. Mtu wa kawaida asiye na mazoezi hawezi kuendelea na kazi hiyo kwa dakika nyingi. Wengi hushuka wakasukuma, wala si aibu: hata injini za moshi zilihitaji kamba.

Maumivu ya misuli na maumivu ya viungo

Yafaa kutenganisha maumivu ya aina mbili. Aina ya kwanza ni uchovu wa misuli unaokuja siku ya pili na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi. Vitabu vingi vilifundisha, na walimu wengi wangali wakifundisha, kwamba maumivu hayo huletwa na asidi ya laktiki iliyobaki katika misuli. Maelezo hayo si sahihi. Laktiki inayozidi huondoka katika damu ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Haiwezi kulaumiwa kwa maumivu ya kesho kutwa. Mapema kama mwaka 1902, mwanafiziolojia Theodore Hough wa Marekani alipendekeza kwamba chanzo ni kuchanika kudogo sana ndani ya msuli wenyewe, na utafiti wa baadaye umeelekea upande wake.

Kuchanika huko hutokea zaidi pale msuli unaporefushwa huku ukivuta, kama misuli ya mapaja ya mtu anayeteremka mlima kwa miguu. Kwenye pedali hali ni tofauti. Msuli wa paja husukuma huku ukifupika, kisha hupumzika mguu unapopanda. Ndiyo sababu mtu aliyepanda baiskeli saa tatu aweza kuumwa mapaja kidogo kuliko aliyeshuka mlima kwa saa moja. Maumivu ya mapaja yakija, yatakwisha yenyewe kwa siku chache, na safari ya pili itauma kidogo kuliko ya kwanza.

Basi, kama misuli haiumizwi sana, ni nini kinachowarudisha watu nyumbani wakichechemea? Ni aina ya pili: maumivu ya magoti, viganja, shingo, kiuno na makalio. Haya hayana uhusiano mkubwa na nguvu za mtu. Hutokana na umbo la chombo kutolingana na umbo la mwili, na hayapungui kwa mazoezi. Mtu akiyavumilia huzidi.

Kipimo cha kiti

Mguu mmoja wa mpandaji anayezungusha pedali mara 70 kwa dakika hukunjwa na kukunjuliwa mara 12,600 katika saa tatu. Kosa la sentimita mbili, ambalo mtu asingelihisi akikaa kwenye kiti nyumbani, hurudiwa mara 12,600.

Kiti kikiwa chini mno, goti hubaki limekunjika sana hata pedali inapofika chini. Pia ya goti hubanwa kwa nguvu juu ya mfupa wa paja, na maumivu huja upande wa mbele. Kiti kikiwa juu mno, mguu hunyoshwa kupita kiasi, kano za nyuma ya goti huvutwa, na nyonga huyumba huku na huku zikitafuta pedali. Maumivu huja nyuma ya goti na kiunoni. Kwa kanuni hii rahisi, mahali panapouma pameonyesha tayari kiti kiende upande gani: mbele ya goti, pandisha, nyuma ya goti, shusha.

Mwaka 1967 watafiti wawili, Hamley na Thomas, walitoa kipimo ambacho kingali kikitumika. Walitafuta urefu wa kiti ambao mpandaji hufanya kazi nyingi kwa muda mfupi, wakauona kuwa ni asilimia 109 ya urefu wa ndani wa mguu, ukipimwa toka juu ya kiti hadi juu ya pedali iliyoko chini kabisa. Kipimo cha mguu huchukuliwa hivi: mwanafunzi husimama bila viatu, mgongo ukutani, na kitabu chembamba hubanwa katikati ya mapaja hadi juu kabisa; hupimwa umbali toka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Ikiwa ni sentimita 78, kiti kitakuwa sentimita 85 juu ya pedali. Wengine huona kiti hicho kirefu kidogo na hukishusha sentimita moja au mbili. Kipimo ni mahali pa kuanzia, na neno la mwisho ni la goti lenyewe. Anayebadili afanye hivyo kwa nusu sentimita kila safari, kwa kuwa kano zilizozoea kosa hulalamika pia kosa linapoondolewa ghafula.

Jambo la pili linaloumiza goti ni gea nzito. Uwezo ni zao la kani ya mzunguko na kasi ya mzunguko. Mtu anayetoa wati 150 kwa mizunguko 80 kwa dakika, akiwa na mkono wa pedali wenye sentimita 17, husukuma kwa wastani wa nyutoni 105. Akizungusha mara 40 kwa dakika, kwa wati zile zile, atalazimika kusukuma kwa nyutoni 210. Mlima ni ule ule na kazi ni ile ile, ila goti limebeba mara mbili. Vijana wengi huona fahari kupanda kwa gea nzito. Fahari hiyo hulipwa na gegedu.

Viganja, shingo na makalio

Mwili wa mpandaji hugusa baiskeli mahali patatu: miguuni, makalioni na mikononi. Uzito usiochukuliwa na pamoja lazima uchukuliwe na pengine. Kiti kikiinamishwa pua yake chini, mwili huteleza mbele, na mikono hulazimika kuuzuia kwa safari nzima. Hapo ndipo kidole cha mwisho na jirani yake huanza kufa ganzi. Vidole hivyo viwili hupata hisia kwa neva ya ulna, ambayo hupita kwenye kifundo cha mkono ndani ya mfereji mwembamba uitwao mfereji wa Guyon, karibu kabisa na mahali kiganja kinapoegemea usukani. Kifaa cha kupimia msawazo kikilazwa juu ya kiti kitaonyesha kosa hilo mara moja, na nati mbili chini ya kiti zitalirekebisha.

Shingo ikiuma, usukani uko mbali mno au chini mno, na kichwa kimeinuliwa nyuma muda mrefu ili macho yaone njia. Hapo pia dawa ni spana: usukani upandishwe sentimita chache, mradi shina lake lisipite alama ya mwisho iliyochorwa juu yake.

Kuhusu makalio, watu hukimbilia kiti laini, na hilo mara nyingi ni kosa. Mwili umeumbwa kukaa juu ya mifupa miwili ya kukalia. Kiti kigumu chenye upana unaofaa huibeba mifupa hiyo. Kiti laini sana huiacha izame, na hapo uzito huhamia kwenye tishu za katikati, zenye mishipa ya damu na neva za sehemu za siri. Ganzi ya mahali hapo isipuuzwe wala isionewe haya: mpandaji ainuke kitini kila baada ya dakika chache, kisha arekebishe kiti. Ganzi ya vidole au ya sehemu hizo isiyoondoka baada ya siku chache, au goti lililovimba, limekwisha kuvuka mipaka ya spana, na mwenye nalo amwone daktari.

Jasho la kupanda, baridi ya kushuka

Mwili wa binadamu ni injini yenye ufanisi wa asilimia 20 hadi 25. Anayetoa wati 100 kwenye pedali anachoma wati 400 au zaidi, na wati 300 hubaki kuwa joto. Ndiyo maana katika hewa ya nyuzi 8 za Sentigredi mtu huvua koti akipanda mlima. Akifika juu na kuanza kuteremka, injini huzimika, upepo wa kilometa 40 kwa saa huanza kuvuma juu ya nguo zenye jasho, na maji yale yanayogeuka mvuke huiba joto ambalo hakuna tena kinachorudisha. Magoti ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa hayana nyama wala mafuta ya kuyahifadhi. Kanuni ya wapandaji wa huko ni kuvua kabla ya mlima na kuvaa kabla ya mteremko, si baada. Gazeti la zamani likiwekwa kifuani chini ya shati hufanya kazi vizuri ajabu, kwa sababu huushika upepo na kuhifadhi tabaka la hewa.

Miiba, chokaa na mnyororo

Mashamba ya Uingereza hutengwa kwa nyua za miti mifupi yenye miiba migumu, ambayo Waingereza huiita hawthorn. Ili kuwahifadhi ndege walioatamia, kanuni za Uingereza za mwaka 2024 zinakataza nyua hizo kukatwa kati ya tarehe 1 Machi na 31 Agosti. Matokeo yake ni kwamba trekta za kukatia huingia kazini kuanzia Septemba, na vijia vya mashambani hutandikwa miiba mibichi katika siku zile zile ambazo wapanda baiskeli hutoka kutazama rangi za majani. Mvua huongeza taabu, kwa kuwa mpira uliolowa hukatika na kutobolewa kwa urahisi kuliko mkavu; maji hufanya kazi ya kilainishi.

Ziba ya tairi yajulikana na kila mtoto wa Afrika Mashariki, lakini sababu za hatua zake hazijulikani na wengi. Msasa huondoa uso laini wa mpira ambao gundi haiushiki. Gundi huachwa ikauke mpaka ising'ae, kwa kuwa kimiminika kilichomo lazima kiruke hewani kwanza. Anayebandika haraka hufungia mvuke chini ya kiraka, na kiraka hicho hufunguka kabla ya kilometa kumi. Katika baridi kukauka huchukua muda mrefu zaidi, na hapa ndipo saa za mchana mfupi hupotea. Kwa hiyo msafiri mwenye busara hubeba tyubu nzima ya akiba, akaziba ile iliyotoboka jioni akiwa nyumbani. Kabla ya kuirudisha tyubu, upande wa ndani wa tairi lazima upapaswe polepole kwa kitambaa. Mwiba usipopatikana, pancha ya pili itatokea mahali pale pale.

Kuna pia pancha isiyo pancha. Tairi lililojazwa ndani ya nyumba kwenye nyuzi 20, hadi kanieneo ya angahewa 4 juu ya ile ya nje, lina angahewa 5 kamili ndani yake. Likitolewa asubuhi kwenye nyuzi 5, kanieneo kamili hushuka kwa uwiano wa 278 kwa 293, yaani hadi 4.74, na pampu yenye kipimo itasoma 3.74. Tairi halikuvuja, hewa imepoa tu.

Njia za Derbyshire zimefunikwa kwa kokoto za mawe ya chokaa. Mvua hugeuza unga wake kuwa uji mweupe unaosaga kila kiungo cha mnyororo. Husemwa kwamba mnyororo umevutika, lakini chuma chake hakivutiki. Zinazolika ni pini na matundu yake, kidogo kidogo katika kila kiungo, na jumla yake huonekana kama urefu. Kipimo ni rahisi: toka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake, mnyororo mpya una milimita 304.8. Ukifikia 306.3 yafaa ubadilishwe. Ukifikia 308 utakuwa umekwisha kuyala meno ya magurudumu, na fundi atabadili vyote. Mnyororo upanguswe mpaka ukauke kabla ya kutiwa mafuta. Mafuta yaliyomiminwa juu ya uji wa chokaa hutengeneza dawa nzuri ya kunolea chuma.

Spoki na mifupa

Gurudumu la baiskeli huonekana kana kwamba ekseli imesimama juu ya spoki za chini. Waya mwembamba hauwezi kusimamiwa, utapinda. Ukweli ni kwamba spoki zote zimekazwa sana tangu mwanzo, na uzito unapokuja, zile za chini hulegea kidogo. Gurudumu likizunguka, kila spoki hulegea na kukazika tena mara moja kwa mzunguko. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, safari ya kilometa 40 ni mizunguko 19,000 na zaidi.

Chuma kinachokazwa na kulegezwa mara elfu nyingi huchoka, na ufa huanza pale kilipopinda, yaani kwenye kichwa cha spoki. Spoki zilizolegea mno ndizo hukatika upesi, si zile zilizokazwa vema, kwa kuwa mabadiliko ndani yake ni makubwa zaidi. Moja ikikatika, rimu huenda upande na kusugua breki. Njiani yatosha kuifunga spoki iliyokatika kwa jirani yake na kulegeza kidogo, robo ya mzunguko kwa mara moja, zile mbili zilizo kando zinazovuta upande wa pili, mpaka rimu ipite.

Goti na spoki, basi, hufa kwa ugonjwa mmoja: mzigo mdogo uliorudiwa mno. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Tishu iliyo hai hujijenga upya usiku mtu anapolala, mradi apewe chakula na siku za kupumzika, na hutoka ikiwa imara zaidi. Chuma hakipumziki. Uchovu ulioingia ndani yake haupungui hata baiskeli ikae banda mwaka mzima.

Breki juu ya majani

Linalobaki ndilo la hatari kuliko yote. Majani yaliyolowa hulala tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza zenyewe kwa zenyewe, huku tairi likiwa limeshika jani la juu peke yake. Breki nazo hudhoofika. Baiskeli nyeusi za Raleigh, zilizozoeleka katika vijiji vya Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa, zilitoka Nottingham, mji ulio karibu na milima hii, ambako kiwanda kiliacha kazi mwaka 2002. Breki zake huvutwa kwa fito za chuma, na rimu zake ni za chuma kilichong'arishwa. Zikiwa kavu hufanya kazi vizuri. Zikilowa, maji hukaa kati ya mpira na chuma, na mpandaji huvuta breki kwa mizunguko kadhaa kabla ya kuhisi chochote. Rimu za alumini ni bora zaidi katika mvua, na breki za diski ni bora kuliko zote mbili, lakini hakuna breki inayoweza kuushinda msuguano ulioko kati ya tairi na ardhi.

Mtu anayekwenda kilometa 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kwa sekunde, na kupunguza mwendo kwa mita 4.5 kwa sekunde kila sekunde, husimama ndani ya mita 3 na nusu. Kani ikipungua hadi theluthi moja, atahitaji zaidi ya mita 10. Kwenye mteremko kama wa Middleton ndipo hesabu hii humfikia mtu, kwa sababu hapo uzito wenyewe huvuta mbele: katika 1 kwa 8, zaidi ya mita 1.2 kwa sekunde kila sekunde hutumika kuzuia mteremko tu, na kinachobaki kwa ajili ya kusimama ni kidogo sana. Juu ya majani yaliyolowa mpandaji hushuka mteremko huo kwa miguu, au kwa mwendo wa mtu atembeaye, breki zote mbili zikiwa zimebanwa kidogo tangu juu ili zifute maji.

Darasa laweza kulipima jambo hili katika uwanja wa shule, mahali tambarare pasipo na magari. Mstari huchorwa ardhini. Mwanafunzi mmoja, kwa mwendo wa pole ulio sawa, huanza kuvuta breki anapofika mstarini, na wenzake hupima umbali hadi gurudumu liliposimama. Hufanyika mara tano na wastani huandikwa. Kisha rimu hulowanishwa kwa ndoo ya maji na jaribio hurudiwa. Mara ya tatu, maji yakiwa bado kwenye rimu, mpandaji hugusa breki kidogo kwa mita 10 kabla ya mstari. Wastani tatu huwekwa katika jedwali, na kila mwanafunzi hukokotoa mpunguo wa mwendo kwa kila hali, akitumia kasi iliyopimwa kwa saa na kamba ya mita 20.